Mali bila daftari: habari za mdai mbele ya mfilisi

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayofanana kama mapacha, na watu wengi huyachanganya: muflisi na mfilisi. Muflisi ni yule aliyeishiwa, ambaye madeni yamemzidi mali. Mfilisi ni yule anayeletwa na sheria kukusanya kilichobaki na kuwagawia wanaodai. Asili yake ni neno la Kiarabu fulusi, yaani vijisarafu vya shaba. Muflisi ni mtu aliyezoea dhahabu akabakiwa na shaba mfukoni. Hata hicho kidogo ni cha kugombaniwa, ndiyo maana akahitajika mfilisi.

Ndugu msikilizaji, juu ya muflisi tumesikia mengi, maana magazeti humpenda. Mfilisi naye hulipwa, kwa hiyo hana shida ya kusemewa. Mimi leo nataka kumzungumza mtu wa tatu katika kisa hiki, mdai, yule aliyeweka mali yake mahali kwa imani, akaamka asubuhi akakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa. Nimepokea barua kadhaa za watu wa hapa Dodoma walioweka fedha katika kampuni za ng'ambo za kubadilishia sarafu za mtandaoni, hizi za Bitcoin na jamaa zake, na kampuni zikafa. Mmoja wa Kizota ameniuliza swali moja tu, nami nalipenda kwa ufupi wake: "Je, nijaze ile fomu au niwaachie?"

Kabla ya kumjibu sina budi kurudi nyuma, kwa sababu jambo hili si geni kama linavyoonekana kwenye simu.

Hapa Ugogo, tangu zamani, mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vingine, wawili huku, watano kule. Mvua ikikosa upande mmoja au maradhi yakiingia, hawafi wote. Aliyewekewa alikunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama zake walibaki mali ya mwenyewe, na majirani walijua hivyo. Sasa chukulia kwamba huyo aliyewekewa amefilisika, wadai wake wamekuja kukamata mali. Je, wanaweza kumchukua ng'ombe wangu? Hawawezi. Nitakuja na mashahidi, nitamtaja ng'ombe kwa rangi na pembe, nami nitamswaga kwenda naye nyumbani. Mimi si mdai pale. Mimi ni mwenye mali.

Lakini kama nilimkopesha jirani debe la mtama, habari ni nyingine. Mtama ule umekwisha liwa. Anachonidai dhamiri yake ni mtama mwingine, si uleule. Akifilisika, mimi nitapanga foleni pamoja na wengine wote aliowakopa, na tutagawana kilichopo. Sheria za ufilisi za dunia nzima, ukiziondolea koti na tai, zimesimama juu ya tofauti hii ya ng'ombe na mtama.

Fedha uliyoweka benki ni mtama. Watu wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo: ukishaikabidhi dirishani inakuwa ya benki, na wewe unabaki na deni unaloidai benki. Kwa upande mwingine, Bunge letu lilipitisha mwaka 2005 sheria ya stakabadhi ghalani, ambayo imetengenezwa kwa mfano wa ng'ombe. Mkulima anapeleka mazao ghalani, anapewa stakabadhi, na mwenye ghala ni mtunzaji tu. Mwenye stakabadhi ndiye mwenye mali. Shida ya sarafu za mtandaoni ni kwamba waliozinunua waliamini wameweka ng'ombe, na mahakama nyingine zikawaambia wameweka mtama. Nitarudi hapo.

Kwanza niseme habari ya ushahidi, kwa sababu mdai asiye na ushahidi ni mlalamikaji tu. Na hapa historia ya nyanda zetu za kati ina kisa ambacho kingefaa kufundishwa shuleni.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Wajerumani ilikatiwa njia ya baharini, ikaishiwa fedha. Ikachapa noti za muda kuanzia mwaka 1915, za karatasi duni, kwa jina la Deutsch-Ostafrikanische Bank, ile benki iliyoanzishwa mwaka 1905. Mwaka 1916 ikafanya karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu, wakapigwa pale heller za shaba nyeupe na nyekundu, na hata sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania. Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Zile za dhahabu zikabaki dhahabu. Karatasi zikafuata njia ya serikali iliyozitoa.

Waliokuwa na hali mbaya zaidi ni askari na wapagazi. Jenerali Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, Novemba 25, 1918, askari wake Waafrika walikuwa na malimbikizo ya mishahara ya muda mrefu. Hakuwa na fedha ya kuwapa. Waliandikiwa hati, kila mmoja na deni lake, kisha wakapelekwa kizuizini Tabora, mahali ambapo homa ya mafua ya mwaka ule iliwaua wengi. Fikiri, msikilizaji: mtu ana karatasi inayosema serikali inadaiwa, na serikali yenyewe imekwisha. Koloni limechukuliwa na Mwingereza, na huko Berlin mfalme amekimbia.

Hata hivyo deni lile halikufa. Katika miaka ya 1920 Ujerumani ilitoa fedha na malipo yakafanyika hapa Tanganyika kwa waliojitokeza na hati zao. Na mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha tena fedha kwa wazee waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba mhasibu wa benki alikwenda hadi Mwanza kuwalipa, na mamia ya wazee wakafika, wachache tu wakiwa na zile hati za 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Mhasibu akakwama. Ndipo akapata wazo: kila aliyedai kuwa askari alipewa ufagio ashike kama bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani gwaride la silaha. Wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea. Labda kisa hiki kimetiwa chumvi njiani, kama visa vya vita vyote, lakini mimi nakipenda kwa sababu kinaonyesha kazi ya mfilisi ilivyo. Fedha ipo, wenye kudai wapo, na katikati limesimama swali moja: nitajuaje kwamba ni wewe?

Tuje kwenye benki zetu. Kuanzia Februari 1967 benki zilipotaifishwa, Mtanzania hakuwa na haja ya kujua neno mfilisi, kwa sababu benki ilikuwa ni serikali, na serikali haifungi mlango. Iliweza kukuchelewesha foleni tangu asubuhi hadi adhuhuri, lakini hiyo ni habari nyingine. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ikafungua milango kwa watu binafsi, na pamoja na milango ikaja hatari. Watunga sheria hawakuwa wajinga. Waliweka humohumo mfuko wa bima ya amana, na Bodi ya Bima ya Amana ikaanza kazi mwaka 1994.

Haikukaa muda mrefu bila kusikia harufu ya moshi. Mwaka 1995 kundi la Meridien BIAO, lililokuwa na benki katika nchi nyingi za Afrika, liliporomoka. Zambia walipata maumivu. Hapa kwetu Benki Kuu ilishika tawi la nchini, likanunuliwa na Waafrika Kusini, ndipo ikazaliwa Stanbic ya Tanzania. Wateja walibadilishiwa jina la mlangoni. Mwaka 1999 Greenland Bank ya Kampala ilifungwa Aprili mosi, na wengine wakadhani ni mzaha wa siku hiyo; ndugu yake wa Tanzania naye akafungwa mwaka huohuo. Uganda katika kipindi kile walizika benki tatu mfululizo, ikiwemo Benki ya Ushirika mwezi Mei, iliyokuwa na wakulima wengi.

Kisha kukawa na kimya, hadi mwaka 2014, Wamarekani walipoituhumu FBME kwa kusafisha fedha haramu na Benki Kuu ikashika usimamizi wake. Mei 2017 ikafutiwa leseni. Mwezi huohuo ikafutwa Benki ya Wananchi Mbinga. Halafu Januari 4, 2018, kwa tangazo moja, zikafungwa tano: Covenant ya wanawake, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera, na Benki ya Wananchi Meru. Sababu ilikuwa moja, mtaji haukufika kiwango cha sheria. Mfilisi akawa Bodi ya Bima ya Amana.

Hapo ndipo Mtanzania wa kawaida alipojifunza hesabu ya mdai. Bima wakati ule ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana mmoja katika benki moja. Mwenye laki nane alilipwa laki nane zake zote. Mwenye milioni tisa alilipwa milioni moja na nusu, na zile saba na nusu zilizobaki akaambiwa asubiri mfilisi auze magari, majengo na meza, akusanye mikopo iliyoko nje, ndipo wagawane. Na katika mgawo huo hata Bodi yenyewe ina haki ya kudai kile ilichokwisha walipa watu wa bima, kwa kuwa imesimama mahali pao. Kikomo hicho kilikuja kupandishwa hadi shilingi 7,500,000, jambo ambalo naliona la haki ingawa limechelewa kwa waliofungiwa 2018.

Niliona watu wakati ule waliokuwa na kitabu cha akiba kimelowa, jina limefutika, au akaunti imeandikwa Asha na kitambulisho kinasema Mwanaasha. Wote hao walikuwa wakweli, na wote walikwenda na kurudi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

DECI ya mwaka 2009 siiweki katika kundi hili, ingawa watu huniletea. Pale watu walikuwa "wanapanda mbegu" ili wavune zaidi ya walichopanda, na mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu ya wa mwisho. Serikali ilisimamisha, viongozi wakapelekwa Mahakama ya Kisutu, na baadhi yao wakatiwa hatiani mwaka 2013. Lakini ile ilikuwa kesi ya jinai. Waliopanda hawakuitwa na mfilisi kujaza fomu ya madai mwezi uliofuata. Fedha ilikuwa kielelezo cha kesi. Kwa hiyo mtu akikuambia kampuni yako "imefilisika", muulize kwanza kama kuna mahakama iliyotamka hivyo na mfilisi aliyeteuliwa kwa jina. Kama hakuna, basi hujafilisikiwa, umeibiwa, na mlango wako ni polisi.

Sasa sarafu za mtandaoni. Kisa cha kwanza kikubwa ni cha Tokyo, kampuni iliyoitwa Mt. Gox, ambayo wakati fulani ilipitisha sehemu kubwa ya biashara yote ya Bitcoin duniani. Februari 28, 2014 ilikwenda mahakamani ikasema imepoteza takriban Bitcoin 850,000, zake na za wateja. Baadaye wakapata kama 200,000 katika hifadhi ya zamani waliyodhani ni tupu. Wadai takriban 24,000 wa nchi mbalimbali wakaandikisha madai yao.

Hapa msikilizaji nataka utulie kidogo, maana ndipo penye kiini. Sheria ya ufilisi ya Japani, kama ya nchi nyingi, hugeuza kila deni kuwa fedha ya nchi kwa bei ya siku ile ufilisi ulipoanza. Bitcoin moja ikaandikwa yen 50,058, karibu dola 480. Kazi ya kuhakiki madai ikachukua miaka, na mwishoni mwa 2017 Bitcoin moja ikakaribia dola 20,000. Zile zilizobaki kwa mfilisi sasa zilitosha kuwalipa wadai wote yen zao mara kadhaa. Na ziada? Kwa sheria ile, ziada baada ya kulipa madeni ni ya wenye hisa. Yaani mwenye kampuni iliyoangusha mali za watu ndiye angebeba faida.

Mfano wa kwetu: umepeleka gunia la mahindi Kibaigwa mwezi wa saba, bei iko chini kwa sababu kila mtu amevuna. Mwenye ghala anafilisika, na mahindi bado yako ndani. Januari, njaa imebisha hodi, bei imepanda mara tatu. Mfilisi anauza gunia lako kwa bei ya Januari, anakulipa bei ya Julai, na tofauti anampa yule mwenye ghala. Mtu wa Kongwa akisikia habari hiyo atatafuta fimbo.

Wadai wa Mt. Gox hawakutafuta fimbo, walitafuta kifungu. Wakaiomba mahakama iache njia ya ufilisi, ifuate njia nyingine ya kuinusuru kampuni, ambayo inaruhusu wadai na msimamizi kupatana mpango wa malipo. Juni 2018 mahakama ikakubali. Chini ya mpango huo watu waliweza kupewa sehemu ya Bitcoin zenyewe badala ya yen za 2014. Malipo ya sarafu yakaanza Julai 2024. Miaka kumi na miezi mitano! Wengine walikwisha kufa, na warithi ndio waliopokea. Lakini walioandikisha walipata, na kwa hesabu ya shilingi wengi wao walipata zaidi ya walichoweka. Wale walioghadhibika wakatupa karatasi hawakupata kitu.

Kisa cha pili ni FTX. Makao yake Bahamas, lakini Novemba 11, 2022 ilijisalimisha katika mahakama ya ufilisi ya Delaware, Marekani, ikiwa na pengo la takriban dola bilioni 8 za wateja. Mkuu wake, Sam Bankman-Fried, alitiwa hatiani Novemba 2023 na kuhukumiwa miaka 25 jela Machi 2024. Hilo lilijaza magazeti. Lililomhusu mdai halikujaza: kwamba siku ya mwisho ya wateja kupeleka madai ilikuwa Septemba 29, 2023, saa 10 alasiri ya Delaware, ambayo hapa Dodoma ni saa 5 usiku. Ni nani aliyetangaziwa hilo kwa Kiswahili? Sikumbuki kulisikia.

Hapa tena bei ikagandishwa siku ya kufilisika, Bitcoin moja dola 16,871. Malipo ya kwanza, kwa wenye madai madogo yasiyozidi dola 50,000, yalitolewa Februari 18, 2025, na watu hao walilipwa dola zao zote pamoja na riba, takriban asilimia 119. Gazeti moja likaandika kwamba wateja wamelipwa zaidi ya walichopoteza. Kwa dola ni kweli. Lakini siku hiyo Bitcoin moja ilikuwa zaidi ya dola 90,000. Aliyekuwa na Bitcoin moja alilipwa kama dola elfu 20, fedha ambayo siku ileile isingemnunulia hata robo ya sarafu yake. Wenye madai makubwa walianza kulipwa Mei 30, 2025, wakipewa asilimia 72 kwanza.

Na lile swali la ng'ombe na mtama? Lilijibiwa mahali pengine, katika kesi ya kampuni iitwayo Celsius, iliyofilisika Julai 2022. Wateja wake walikuwa wameweka sarafu katika akaunti za riba. Januari 4, 2023 jaji wa New York akaamua kwamba kwa maandishi ya mkataba waliyoyakubali, sarafu hizo zilikwisha kuwa mali ya kampuni. Mtama. Mkataba ule kila mmoja aliukubali kwa kubonyeza kidole mara moja bila kuusoma, na mimi simcheki mtu, maana hata wanasheria hubonyeza. Waliokuwa na akaunti za kuhifadhi tu, zisizo na riba, walisikilizwa kwa namna tofauti, kwa kuwa wao walikuwa karibu zaidi na ng'ombe.

Basi fomu yenyewe inataka nini? Inataka jina kama lilivyo kwenye akaunti, barua pepe uliyojiandikisha nayo, kiasi cha kila aina ya sarafu siku ile ya kufilisika na si siku nyingine, na vielelezo: picha za akaunti, risiti za kuingiza fedha, barua za kampuni. Halafu kitambulisho, na uthibitisho wa makazi. Hapo wengi wetu hukwama. Mzungu anataka bili ya umeme yenye jina lako, na wewe unakaa nyumba ya kupanga Chang'ombe, umeme ni wa kununua kwa namba, na mita ni ya mwenye nyumba. Taarifa ya benki yenye anwani husaidia, na barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri, ikitafsiriwa rasmi kwa Kiingereza, ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu, ingawa uamuzi ni wao. Katika kesi ya FTX ambao hawakukamilisha uhakiki wa utambulisho kwa tarehe zilizopangwa walikabiliwa na kufutiwa madai, hata kama fomu ilifika mapema.

Wapo pia wanunuzi wa madai. Mwishoni mwa 2022 dai la FTX la dola 100 liliuzwa kwa kama dola 10, na wenye mitaji wakanunua kwa wingi. Ni biashara halali, na mwenye mgonjwa nyumbani simlaumu akiuza. Ila ajue kwamba anayenunua ameajiri watu wa kupiga hesabu ya lini na kiasi gani kitalipwa, na yeye muuzaji hana hesabu isipokuwa ya shida yake.

Kwa upande wa nyumbani, mambo yetu yako nusu njia. Novemba 2019 Benki Kuu ilitahadharisha kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa ajili yake. Mwaka 2024 Bunge, hapahapa Dodoma, likapitisha Sheria ya Fedha iliyoweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Nimesoma vifungu hivyo mara mbili. Kodi nimeiona. Bima sikuiona, kwa maana bima ya amana ni ya wenye amana katika benki na taasisi za fedha zilizosajiliwa. Mtu ambaye serikali imemtambua kiasi cha kumtoza nadhani ana haki ya kuuliza ni ofisi gani itakayomsaidia soko la sarafu likifungwa. Wakala wetu wa ufilisi, RITA, una ujuzi wa kampuni zilizosajiliwa hapa. Kampuni iliyosajiliwa visiwani Bahamas na kufilisiwa Delaware haiko mkononi mwake, lakini dawati moja la kuwaelekeza Watanzania namna ya kudai ng'ambo halihitaji jengo jipya.

Kwa hiyo, ndugu wa Kizota, jaza, kama tarehe haijapita. Kupeleka dai katika mahakama ya ufilisi ya Marekani hakuna ada, na si lazima uwe na wakili. Andika kiasi cha kweli tu, kwani fomu hiyo huwekwa sahihi chini ya onyo kwamba dai la uongo linaweza kukupa faini ya hadi dola 500,000 au kifungo cha hadi miaka 5. Nenda kwenye tovuti ya mahakama au ya wakala wa madai aliyetajwa na mahakama, wala usifuate kiungo ulichotumiwa. Agosti 2023 wakala aliyeshughulikia madai ya FTX, Kroll, alivamiwa na wezi wa mtandao, majina na barua pepe za wadai zikavuja, na tangu hapo watu wamepokea barua nzuri zenye nembo zikiwaambia malipo yako tayari, watume kwanza neno la siri au ada ndogo. Hakuna mfilisi anayemwomba mdai fedha ili amlipe. Ukishatuma, utapewa namba ya dai. Iandike kwenye karatasi, pamoja na tarehe, na mwambie mkeo au mwanao mkubwa karatasi hiyo iko wapi.